Maharage yana cheti cha kuvuka mpaka, ujuzi wa kijana wa Bwera hauna

Siku ya soko Mpondwe, kabla jua halijapanda, daraja la mto Lhubiriha huwa limekwisha kujaa watu. Kutoka upande wa Kasindi huja mafuta ya mawese, kakao, mbao na vitenge. Kutoka upande wa Bwera huenda samaki wakavu, chumvi ya Katwe, maharage, sabuni na vyombo vya plastiki. Malori yapo, lakini biashara ya wadogo huvuka kichwani, mgongoni, au juu ya baiskeli inayosukumwa na vijana wawili.

Mfanyabiashara wa hapo anajua bei ya gunia leo na ya wiki iliyopita. Anajua dola inabadilishwaje kwa shilingi ya Uganda na kwa faranga ya Kongo. Kitu ambacho wengi hawajawahi kukipigia hesabu ni bei ya goti. Goti la mchukuzi likiharibika, mzigo unalala, mtaji unalala, na watoto wake wanasubiri chakula kisichokuja. Na goti hilo hilo ndilo kijana huyo hulipeleka uwanjani Jumapili jioni kucheza mpira.

Hapa kuna swali linalowahusu wazazi wa Kasese na Bwera wanaosomesha kwa fedha za soko. Mtoto anaposema anataka kazi ya michezo, mzazi husikia mambo mawili tu: kuwa mchezaji au kuwa kocha. La kwanza ni bahati nasibu. La pili, kwa timu nyingi za mtaani, ni kujitolea bila mshahara. Kwa hiyo jibu huwa fupi: soma kwanza, michezo baadaye. Lakini ipo kazi ya tatu, inayodai kusoma kweli kweli, na ambayo eneo hili la mpakani linaihitaji kuliko linavyodhani. Ni kazi ya kuutunza mwili wa mchezaji, na wa kila mtu anayeishi kwa nguvu za mwili wake.

Mtu wa begi pembeni mwa uwanja

Watazamaji wa mpira humwona kila wiki. Mchezaji akianguka, mtu huyo hukimbia na begi lake, hupiga magoti, huangalia, kisha hutoa ishara kwa benchi. Wengi humwita daktari wa timu, wengine humwita fizio. Ng'ambo ya daraja, kwenye Kifaransa cha Kongo, mwenye taaluma iliyo karibu na hiyo huitwa kinésithérapeute. Kwa Kiswahili cha hospitali ni mtaalamu wa tiba ya viungo.

Nchini Marekani kazi ya kuwahudumia wanamichezo ni taaluma inayojitegemea, tofauti na ukocha na tofauti na udaktari. Chama chake cha kitaifa kiliundwa mwaka 1950, na leo anayeingia katika kazi hiyo hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Afrika Mashariki mlango wake wa kawaida ni tiba ya viungo, kisha mtu hujiongezea ujuzi wa michezo.

Kazi yenyewe huanza kabla ya mtu kuumia. Mtaalamu huyu hupima nani ana kifundo dhaifu, nani hapati usingizi, nani anarudi uwanjani mapema mno. Huwafundisha wachezaji kupasha mwili moto na kujenga misuli inayolinda goti. Mtu akiumia, yeye ndiye wa kwanza kuamua.

Chukua mfano wa kifundo cha mguu kilichoteguka. Mazoea ya mitaani ni kukikanda kwa maji ya moto na kukivuta papo hapo. Mtaalamu hufanya kinyume. Hukipumzisha, hukiweka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika chache, hukifunga bandeji isiyobana mno, na hukiinua. Kisha huuliza swali rahisi: je, aliyeumia anaweza kupiga hatua 4 kwa mguu huo? Asipoweza, apelekwe kupigwa picha ya eksirei. Swali hilo halina gharama yoyote, na linaweza kumwokoa kijana asitembelee mfupa uliovunjika kwa mwezi mzima.

Kwenye kichwa jambo ni zito zaidi. Mchezaji aliyegongwa akaonekana kuduwaa, au akasahau matokeo ya mchezo, harudi uwanjani siku hiyo hata kama timu inafungwa. Mwaka 2009 jimbo la Washington huko Marekani liliandika jambo hilo katika sheria kwa ajili ya wanamichezo vijana: hakuna kurudi mpaka mtaalamu wa afya aruhusu kwa maandishi. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Kufunga bandeji hufundishika haraka. Kumwambia kocha "hapana" mbele ya mashabiki kunahitaji elimu, cheti na ujasiri.

Wapo pia wanaoanguka bila kuguswa na mtu. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka katikati ya uwanja mjini Lyon, Ufaransa, akafariki akiwa na umri wa miaka 28. Karibu miaka 9 baadaye, tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton, alianguka vivyo hivyo katika uwanja wa Tottenham jijini London. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Watu waliomzunguka walikandamiza kifua, wakatumia mashine ya kushtua moyo, na daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa mashabiki akashuka kusaidia. Muamba hakucheza tena, lakini aliishi. Kilichomweka hai ni watu waliojua la kufanya na wakaanza kulifanya mara moja, kabla ya hospitali.

Kazi ipo karibu kuliko inavyodhaniwa

Mzazi atauliza: haya ni ya London na Washington, Kasese kuna nini? Jibu ni kwamba Kasese kuna mengi, ila hayajawahi kuhesabiwa pamoja.

Tangu mwaka 2022 mji wa Kasese umekuwa mwenyeji wa mbio za Rwenzori Marathon, zenye masafa yanayofikia kilomita 42. Kasese ni mji wa joto, na joto ni adui wa mkimbiaji. Mtu anayeyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka baada ya kilomita nyingi anaweza kuwa na mwili uliopata joto kupita kiasi. Kanuni inayofundishwa ni poza kwanza, safirisha baadaye: maji baridi mwilini hapo hapo, ndipo gari la wagonjwa. Anayekimbilia kumpakia garini bila kumpoza anaweza kumpoteza njiani. Mbio za namna hiyo zinahitaji watu waliofunzwa kwenye njia nzima, na hakuna sababu ya watu hao wote kutoka Kampala.

Juu ya mji huo kuna mlima. Kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, na kila mtalii anayepanda Rwenzori hufuatwa na wapagazi na waongozaji wa hapo hapo. Miguu, migongo na mapafu yao ndiyo mtaji wa utalii wa mlima. Anayejua kupanga mzigo, kutibu goti linalouma wakati wa kushuka na kutambua mapema ugonjwa wa mwinuko ana kazi ya kufanya huko.

Kisha kuna mpira. Tarehe 27 Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Uganda imejenga uwanja mpya Hoima kwa ajili hiyo, na kutoka Kasese mtu hufika huko kwa barabara ya Fort Portal na Kyenjojo. Mashindano ya timu 24 hayaji na wachezaji peke yao. Yanahitaji viwanja vya mazoezi vyenye watu wa huduma ya kwanza, na watu wa kushughulikia dharura majukwaani. Yakiisha, viwanja vitabaki, na timu za vijana zitakazokua kutokana na hamasa hiyo zitabaki pia.

Lakini hoja nzito kuliko zote iko pale pale sokoni. Huko Marekani wataalamu hawa leo hawako viwanjani tu. Wanaajiriwa viwandani, kwenye maghala na jeshini, kwa sababu waajiri wamegundua kwamba mtu anayeinua maboksi siku nzima anatumia mwili kama mwanamichezo, na huumia kama mwanamichezo. Mchukuzi wa Mpondwe hana tofauti. Anainua, anageuka, anashuka, anapanda, na hana mapumziko ya mwisho wa msimu. Anayeweza kumfundisha kuinua gunia kwa nguvu za miguu, kugawa mzigo na kutambua maumivu ya mgongo yanayohitaji hospitali, huyo anaokoa mtaji wa watu wengi kwa siku moja.

Pingamizi tatu zinazostahili jibu

Ya kwanza ni kwamba timu hazilipi. Ni kweli. Klabu nyingi za madaraja ya chini hazina uwezo wa kumwajiri mtu wa afya kwa mwezi. Ndiyo maana kijana asishauriwe kusubiri ajira ya klabu. Mwenye stashahada au shahada ya tiba ya viungo ana wagonjwa wa kiharusi, wa ajali za bodaboda, wa mgongo, na watoto waliozaliwa na matatizo ya viungo. Mkate wake wa kila siku uko hospitalini au katika kliniki yake. Michezo ni nyongeza mwanzoni, na inaweza kuwa kazi kamili baadaye. Mfanyabiashara anaielewa hesabu hii: hakuna anayefungua duka kwa bidhaa moja.

Ya pili ni kwamba wazee wanaounga mifupa wapo. Wapo, na wengi wana mikono yenye uzoefu na heshima kijijini. Lakini banzi likifungwa kwa kubana mno huzuia damu, na mguu uliokosa damu unaweza kuishia kukatwa. Kijana aliyesoma hatakiwi kuwadharau wazee hao. Anatakiwa kuwa daraja lao, yule ambaye mzee humpelekea mgonjwa anapoona vidole vimekuwa baridi au vimebadilika rangi.

Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: hiyo si kazi ya heshima, ni kushika miguu ya watu. Wenye fikra hiyo wamtazame Peter Nduhiu, Mkenya mtaalamu wa tiba ya viungo aliyefanya kazi na Eliud Kipchoge kwa miaka mingi. Dunia nzima ilimtazama Kipchoge akimaliza kilomita 42 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, tarehe 12 Oktoba 2019. Ni wachache waliojua jina la mtu aliyeihudumia miguu ile siku baada ya siku. Yeye si mchezaji wala kocha, lakini kazi yake ni sehemu ya historia hiyo.

Njia ya kupita

Njia yenyewe si ya siri. Sekondari kijana ashike biolojia, kemia na fizikia, kwa kuwa bila sayansi mlango haufunguki. Uganda ina stashahada ya tiba ya viungo, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinatoa shahada, na Mbarara inafikika kutoka Kasese kwa siku moja. Tanzania ina chuo cha siku nyingi pale KCMC, Moshi. Kenya inafundisha katika vyuo vyake vya tiba. Baada ya masomo huja usajili, maana asiye na usajili hana ruhusa ya kumgusa mgonjwa.

Kabla ya ada kulipwa, kijana ajaribiwe kama ajaribiwavyo mfanyakazi mpya wa duka. Asome huduma ya kwanza na Msalaba Mwekundu. Aibebee begi timu ya shule kwa msimu mmoja. Aende hospitali ya Bwera, Kagando au Kilembe aulize kama anaweza kutazama wanavyowahudumia waliovunjika na walioteguka. Kama baada ya miezi michache bado anataka, mzazi atakuwa ameona nia, si ndoto. Akishakuwa mtaalamu, FIFA na shirikisho la raga duniani wameandaa masomo ya bure kwenye intaneti kuhusu majeraha ya michezo.

Hapo tu ndipo mzazi atoe mtaji. Na atoe akijua kwamba ni uwekezaji wa miaka 3 au 4, usio na faida ya haraka kama shehena ya mawese, lakini usioozea njiani wala kuzuiwa kwenye ghala la forodha.

Karatasi inayoishia darajani

Au labda unazuiwa. Hapa ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapaswa kuulizwa.

Wafanyabiashara wadogo wa kanda hii wanakijua cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Ndani ya Jumuiya, shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 inaweza kuvuka kwa karatasi hiyo moja, ikithibitisha kwamba maharage ni ya hapa na yasitozwe ushuru wa forodha. Utekelezaji una kasoro zake, na Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, bado haijaingia kikamilifu katika taratibu za forodha za pamoja. Hata hivyo kanuni imeandikwa na mtu ana pa kuanzia kudai.

Ujuzi wa mtu hauna karatasi ya namna hiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia watu na kazi zao kuvuka mipaka na vyeti vyao kutambuliwa. Mikataba ya kutambuana iliyosainiwa baada ya hapo iliwahusu wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mtaalamu wa tiba ya viungo hayumo katika orodha hiyo. Anayemtibu ng'ombe amefikiriwa. Anayemtibu mchunga ng'ombe, mbeba gunia na mcheza mpira bado.

Matokeo yake yanaonekana kwa urahisi. Kenya ina sheria yake ya wataalamu wa tiba ya viungo ya mwaka 2014 na baraza lake. Uganda huwasajili chini ya baraza la wataalamu wa afya shirikishi. Kongo ina vyeti vyake vya Kifaransa. Binti wa Bwera aliyesoma Mbarara anaweza kuvuka daraja asubuhi na debe la samaki, akauza Kasindi na kurudi na mawese. Akivuka na cheti chake kuihudumia timu ya Kasindi au Beni, ambako watu huzungumza lugha ya nyumbani kwao na Kiswahili kile kile cha sokoni, anaanza upya kama mgeni. Kadhalika kijana wa Butembo aliyesomea kazi hiyo kwa Kifaransa, akitaka kufanya kazi Kasese.

Kama mashindano ya 2027 ni ya pamoja, basi watu wa kuyahudumia nao wawe wa pamoja. Mawaziri wa afya na wa Jumuiya wa nchi wanachama wana nafasi ya kuyaanza mazungumzo ya mkataba wa tiba ya viungo sasa, kabla ya viwanja kujaa, na Kongo ikae mezani tangu siku ya kwanza badala ya kuletewa karatasi iliyokwisha kuandikwa kwa Kiingereza. Waandaaji wa mashindano ya Kasese na Bwera nao waweke sharti dogo: hakuna mchezo bila mtu mmoja aliyefunzwa pembeni mwa uwanja.

Vyama vya wafanyabiashara wa Mpondwe navyo vina la kufanya bila kusubiri mkutano wa Arusha. Vinapodai vibanda, maji na vyoo sokoni, viongeze dai la chumba kimoja cha huduma ya kwanza na mtaalamu wa viungo siku za soko. Mchango mdogo kwa kila mwenye mzigo unaweza kuwa mshahara wa kwanza wa kijana aliyetoka chuoni. Huyo ataanza na migongo ya wachukuzi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili jioni atakuwa uwanjani na begi lake.

Mzazi anayeuza samaki Mpondwe hahitaji kuambiwa kwamba mtoto wake atakuwa tajiri kwa kazi hii, kwa sababu huenda asiwe. Anahitaji kujua kwamba kazi ipo, kwamba inasomewa, na kwamba wateja wake wa kwanza wanapita mbele ya meza yake kila siku ya soko, wakichechemea chini ya magunia.